Apache Ikigoma Kuwaka kwenye Windows, Soma Logi Kabla ya Kugusa Kitu

Wengi wanaoshindwa kuwasha Apache, seva ya wavuti, kwenye Windows hukimbilia kuifuta na kuisakinisha upya. Mara chache inasaidia kwa bahati. Mara nyingi tatizo linabaki palepale, kwa sababu halikuwa ndani ya mafaili ya Apache tangu mwanzo: poti (namba ya mlango wa mtandao ambao seva husikilizia) imeshikwa na programu nyingine, maktaba fulani ya mfumo haipo, au mstari mmoja wa usanidi umekosewa. Apache haikatai kuwaka bila kusema sababu. Kila inapogoma huacha maelezo mahali fulani, mara nyingi kwenye logi (faili la kumbukumbu ya matukio), na kazi yako ya kwanza ni kuyafikia. Usibadilishe chochote kabla ya kuyasoma, na ukishayasoma badilisha kitu kimoja tu kisha ujaribu tena.

Tuanze na usakinishaji, maana matatizo mengi huzaliwa hapo.

Apache Software Foundation hutoa msimbo chanzo tu. Mafaili yaliyo tayari kwa Windows hutengenezwa na wengine: Apache Lounge hutoa seva peke yake ndani ya zipu, wakati XAMPP na WampServer hukupa seva, PHP (lugha ya kuandikia kurasa) na hifadhidata kwa mkupuo mmoja. Anayetaka tu kuona kurasa zake za PHP zikifanya kazi leo, XAMPP inamtosha. Anayetaka kuielewa seva yake, namshauri zipu ya Apache Lounge. Kila faili ataliweka kwa mkono wake, na siku likileta shida atajua liko wapi.

Ndani ya zipu kuna folda iitwayo Apache24. Iweke kwenye mzizi wa diski ili njia iwe C:\Apache24. Usiiweke ndani ya C:\Program Files. Folda ile inalindwa na Windows, hivyo kila ukihariri usanidi au Apache ikitaka kuandika logi utagongana na ruhusa, na ile nafasi katikati ya jina itakusumbua kila unapoandika njia bila alama za kunukuu.

Fungua C:\Apache24\conf\httpd.conf na uangalie mstari huu:

Define SRVROOT "c:/Apache24"

Kama folda umeiweka kwingine, badilisha hapa. Njia nyingine nyingi ndani ya faili hujengwa juu ya mstari huu. Angalia pia kwamba mkwaju unaotumika ni / na si \ ya Windows. Ndani ya usanidi wa Apache tumia / kila mahali. Ukinakili njia kutoka kwenye upau wa folda na kuibandika hivyohivyo, unajitafutia kosa ambalo macho hayalioni upesi.

Kisha tafuta ServerName, ondoa alama ya # mwanzoni, na uandike ServerName localhost:80. Usipofanya hivyo utaona ujumbe wenye namba AH00558. Huo ni onyo tu, seva huwaka nao bila shida. Nausisitiza kwa sababu ndio ujumbe wa kwanza ambao watu hukutana nao, wakadhani ndio chanzo, kumbe kosa lenyewe liko mstari unaofuata.

Kabla ya kuwasha, sakinisha Visual C++ Redistributable kutoka kwa Microsoft, yaani maktaba ambazo Apache huzihitaji, yenye biti sawa na Apache uliyopakua. Herufi VS na namba iliyo kwenye jina la zipu huonyesha toleo la Visual Studio lililotumika kuitengeneza Apache hiyo. Redistributable ikikosekana, Windows italalamika kwamba VCRUNTIME140.dll haipo. Tafadhali usiende kutafuta faili hilo moja kwenye tovuti zinazogawa DLL. Hujui kilichomo ndani yake, na hata likiwa salama, litakalofuata nalo litakosekana.

Sasa iwashe kwa mkono. Fungua dirisha la amri na uandike:

cd C:\Apache24\bin
httpd.exe -t

Amri hii hukagua usanidi bila kuwasha seva. Ukiona Syntax OK, endelea. Usipoiona, utapewa jina la faili na namba ya mstari wenye kosa. Nenda pale pale. Kosa lisipoonekana kwenye mstari huo, tazama ulio juu yake, hasa kama kuna alama ya kunukuu au > uliyosahau kuifunga.

Usanidi ukiwa sawa, andika httpd.exe peke yake. Dirisha likikaa kimya bila kurudisha nafasi ya kuandika, seva inafanya kazi. Fungua http://localhost kwenye kivinjari. Ukurasa wa It works! ndio unaoutarajia. Kuizima, bonyeza Ctrl+C.

Usiifanye kuwa huduma ya Windows kabla ya kufika hapa. Ikiwashwa kama huduma, makosa ya mwanzo hayakufikii usoni: Windows husema tu kwamba huduma imeshindwa kuanza. Ikiwa imewaka vizuri kwa mkono, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika httpd.exe -k install, kisha httpd.exe -k start. Huduma ikigoma baadaye na logs\error.log haina jipya, fungua Event Viewer, sehemu ya Application. Makosa yanayotokea kabla Apache haijalifungua faili lake la logi huishia huko. Na ukiona httpd.exe mbili kwenye Task Manager usiue hata moja. Moja ni mzazi, nyingine ni mtoto anayehudumia maombi. Ndivyo Apache inavyofanya kazi kwenye Windows.

Sasa poti, ambayo ndiyo sababu ninayokutana nayo kuliko zote. Ujumbe wake unafanana na huu:

(OS 10048) ... AH00072: make_sock: could not bind to address 0.0.0.0:80

Maana yake poti 80 tayari ina mwenyewe. Mtafute:

netstat -ano | findstr LISTENING

Tazama mstari ambao safu ya anwani ya kwanza inaishia na :80. Namba ya mwisho wa mstari ni kitambulisho cha programu. Ikiwa ni 5120, kwa mfano, andika tasklist /FI "PID eq 5120" upate jina lake. Mara nyingine ni Apache nyingine uliyoisahau, labda XAMPP ya zamani iliyosajiliwa kuwa huduma na kuwaka pamoja na kompyuta.

Namba ikiwa 4, jina litakuwa System, na hapo wengi hukata tamaa kwa sababu System haifungwi. Usihangaike nayo. Hiyo ni http.sys, sehemu ya Windows inayopokea maombi ya wavuti kwa niaba ya programu nyingine, na unayemtafuta ni hiyo programu iliyo nyuma yake. Kwa mamlaka ya msimamizi, andika:

netsh http show servicestate

Utaona anwani zilizosajiliwa na vitambulisho vya programu zilizozisajili. Mara nyingi ni IIS, seva ya wavuti ya Microsoft, kupitia huduma iitwayo World Wide Web Publishing Service, au ni SQL Server Reporting Services. Kama huihitaji, fungua services.msc, isimamishe, na ubadilishe namna yake ya kuanza iwe Manual. Usipofanya hivyo itarudi ukiwasha kompyuta upya na utadhani Apache imeharibika tena.

Kama kazi yako inaitegemea IIS, iache na uihamishe Apache. Ndani ya httpd.conf andika Listen 8080, ServerName localhost:8080, na kwenye kivinjari http://localhost:8080. Kinachosahaulika hapa ni VirtualHost, sehemu ya usanidi inayoeleza tovuti moja. Kama umeandika <VirtualHost *:80> nayo lazima iwe *:8080, la sivyo seva itawaka vizuri kabisa lakini itakuletea tovuti isiyo yako.

Kuna ndugu wa kosa hili, OS 10013, linalosema ufikiaji umekatazwa. Hapa netstat inaweza isionyeshe mtu yeyote kwenye poti. Ikiwa kompyuta ina Hyper-V au Docker, programu za kuendesha mifumo mingine ndani ya kompyuta, Windows huenda imejitengea poti kwa makundi. Tazama orodha yake:

netsh interface ipv4 show excludedportrange protocol=tcp

Poti yako ikiwa ndani ya kundi mojawapo, chagua nyingine. Makundi hayo yanaweza kubadilika kompyuta inapowashwa upya, ndiyo maana usanidi ambao haujaguswa unaweza kufanya kazi leo na kugoma kesho.

Seva ikishawaka, malalamiko huhamia kwenye kivinjari. Kosa la 403 (umekatazwa kuingia) lina sababu mbili kubwa, na logi huzitofautisha waziwazi. AH01630 ni kwamba usanidi unakataza folda hiyo: ukihamisha DocumentRoot (folda ya kurasa zako) kwenda D:/miradi lazima uwe na sehemu ya <Directory "D:/miradi"> yenye Require all granted. Ukikuta mafunzo yanayokuambia uandike Order allow,deny, yaache. Huo ni mtindo wa Apache 2.2. AH01276 ni jambo tofauti kabisa: folda inaruhusiwa ila haina index.html wala faili jingine lililotajwa kwenye DirectoryIndex.

Kwa tovuti zaidi ya moja, utaondoa # kwenye mstari wa Include conf/extra/httpd-vhosts.conf. Ukishafanya hivyo fungua faili hilo na ufute mifano iliyomo. Inaelekeza kwenye folda zisizokuwepo, na kwa kuwa VirtualHost ya kwanza ndiyo hupokea kila ombi lisilo na mwenyewe, localhost yako iliyokuwa salama itaanza kutoa kosa badala ya kurasa zako. Iandike localhost kuwa ya kwanza, tovuti nyingine zifuate, kisha endesha httpd.exe -S uone Apache imeelewa nini. Majina yenyewe unayaongeza kwenye C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts, kwa kihariri kilichofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, kwa mfano 127.0.0.1 mradi.test. Tumia .test, maana imetengwa kwa majaribio. Ukitumia .dev, vivinjari vitalazimisha HTTPS na utatafuta kosa lisilokuwepo.

PHP ina masharti yake. Ili iingie ndani ya Apache kama moduli, pakua zipu iliyoandikwa Thread Safe, yenye biti sawa na Apache. Ile ya Non Thread Safe haina kabisa faili la php8apache2_4.dll, usipoteze muda kulitafuta. Mistari inayohitajika kwenye httpd.conf ni hii:

LoadModule php_module "C:/php/php8apache2_4.dll"
AddHandler application/x-httpd-php .php
PHPIniDir "C:/php"

Kwa PHP 7 jina lilikuwa php7_module. Kuanzia 8 ni php_module bila namba, na kuchanganya haya mawili huzuia seva kuwaka. Ongeza index.php kwenye DirectoryIndex, nakili php.ini-development kwa jina la php.ini, na ndani yake washa extension_dir = "ext".

Ujumbe unaochanganya kuliko wote hapa ni ule wa The specified module could not be found ilhali faili unaliona kwa macho yako. Windows hailalamikii faili hilo. Inalalamikia jingine ambalo hilo linalihitaji, kwa kawaida php8ts.dll au maktaba ya Visual C++ iliyo ya zamani. Ongeza C:\php kwenye PATH ya mfumo (orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu na maktaba), sakinisha Redistributable mpya, ujaribu tena. Ukiambiwa kwamba faili si valid Win32 application, umechanganya biti 32 na 64.

Kivinjari kikikuonyesha msimbo wa PHP badala ya matokeo, tazama kwanza upau wa anwani. Ukianza na file:// basi umelibofya faili kwenye folda na seva haikuhusika hata kidogo. Ukianza na http://, AddHandler haijasomwa. Na ukibadilisha php.ini bila kuona tofauti, washa Apache upya, kisha endesha phpinfo() na usome mstari wa Loaded Configuration File. Mara nyingi unahariri faili moja wakati PHP inasoma jingine.

Ukitaka kufungua tovuti kwenye simu iliyo kwenye mtandao huohuo, ruhusu httpd.exe kwenye fayawoli ya Windows kwa mitandao ya faragha, kisha uhakikishe Windows imeutambua mtandao wako kuwa wa faragha na si wa umma. Kama huna haja hiyo, nashauri uandike Listen 127.0.0.1:80. Seva ya majaribio haina sababu ya kuonekana na kompyuta nyingine.

Kwa watumiaji wa XAMPP nina ombi moja kuhusu hifadhidata. MySQL ikigoma na paneli ikasema imezimika ghafla, utakutana na ushauri wa kufuta ibdata1 ndani ya C:\xampp\mysql\data. Usifanye hivyo. Faili hilo lina taarifa ambazo InnoDB, sehemu ya MySQL inayotunza data, inazihitaji ili kuzitambua jedwali zako. Likiondoka, majina ya jedwali yataonekana lakini data haitafunguka. Zima kila kitu, nakili folda nzima ya data mahali pengine, hakikisha poti 3306 haijashikwa, ndipo usome mysql_error.log kuanzia mwisho kwenda juu. Hifadhidata ikiwaka, toa nakala kwa mysqldump siku hiyohiyo, kabla ya kurudi kwenye kazi nyingine.