Maabara ya mifumo ya udhibiti kwa bajeti ndogo: anza na joto, pendulamu isubiri

SWALI: Habari za kazi, Mhandisi. Nafundisha mifumo ya udhibiti kwa wanafunzi wa stashahada katika chuo cha ufundi hapa Mbeya. Darasa lina wanafunzi 36. Mashine ya mazoezi tuliyonayo ni moja tu, ya kutoka nje, yenye mota na kidhibiti chake. Tangu kadi yake iungue imebaki pambo. Nimepewa fedha kidogo nitengeneze vifaa hapahapa. Nafikiria pendulamu iliyogeuzwa, ile fimbo inayosimamishwa wima na mota, maana wanafunzi wameiona mtandaoni na wanaipenda. Je, ni mwanzo mzuri? MATLAB (programu ya kompyuta ya hesabu na michoro) hatuna leseni, na umeme unakatika. Tufanyeje?

JIBU: Mwalimu, pendulamu iache kwanza. Kuitengeneza inawezekana, ila inaanguka kabla mwanafunzi hajaelewa kilichotokea. Chukua fimbo ya sentimita 30 iliyoshikiliwa ncha ya chini. Ikianza kuinama, pembe yake inakua takriban mara 2.7 kila sekunde 0.14. Kidhibiti kinatakiwa kisome na kuamua kila milisekunde 10 hivi, na gia za mota zisiwe na mchezo. Mota za gia za bei ya chini huwa zinacheza kidogo kabla ya kushika, na kwa fimbo inayotafuta mahali pa kuangukia hicho kidogo kinatosha. Mwanafunzi atabadilisha namba wiki nzima bila kujua kama kosa liko kwenye hesabu, kwenye gia au kwenye waya uliolegea.

Tengeneza kwanza kifaa cha joto. Profesa John Hedengren wa Brigham Young University, Marekani, ana kibao kidogo kiitwacho TCLab, chenye transista mbili za kupasha moto, sensa mbili na bodi ya Arduino (kompyuta ndogo ya kuprogramu), na masomo yake yanapatikana bure. Ninachokupa hapa ni kitu cha ukoo huohuo, ila rahisi zaidi na kinachotengenezeka kwa vipuri vya mtaani.

Kwa seti moja unahitaji rezista ya kauri ya ohm 47, wati 5, iwe hita. Sensa ya joto ya LM35. Mosfeti IRLZ44N ya kuwasha na kuzima hita. Arduino Uno au nakala yake. Na adapta ya volti 12. Vyote viko Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa aliye Nairobi, na mzigo unapanda basi. Kwa hesabu yangu seti moja haivuki shilingi 100,000 hata ukinunua rejareja. Tengeneza seti 12, watu watatu watatu, zote zifanane hadi rangi za waya. Seti zikifanana, iliyokufa inakuwa ghala la vipuri vya nyingine, na wewe unasahihisha kazi za darasa zima kwa kipimo kimoja.

Kwenye mosfeti, angalia hiyo herufi L. Muuzaji akikupa IRF540 akasema ni zilezile, kataa. Ile inataka volti 10 hivi kwenye geti, mguu wake wa kupokea amri, ndipo ifunguke sawasawa, na Arduino inatoa 5. Weka pia rezista ya kiloohm 10 kutoka geti kwenda graundi, hita isijiwashe yenyewe bodi inapoamka.

Kwa volti 12 hita itakula ampea 0.26 na kutoa wati 3 hivi. LM35 ifunge ikigusa mwili wa rezista, kwa pesti ya joto na utepe unaostahimili moto. Ndani ya programu weka kizuizi: ikifika nyuzi 80 hita inazima, mwanafunzi apende asipende. Na tafadhali usijaribiwe na birika la umeme na rilei. Volti 230 karibu na maji, mbele ya vijana 36, sioni sababu yake.

Sasa nije kwenye usomaji wa sensa, maana hapa ndipo vifaa vingi vya kujitengenezea vinaharibikia. LM35 inatoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Uno inagawa volti 5 katika hatua 1,024, yaani karibu milivolti 4.9 kwa hatua, kwa hiyo joto litasomeka kwa kuruka nusu nyuzi. Ukichora grafu utapata ngazi, na sehemu ya D ya kidhibiti, ile inayofuata kasi ya mabadiliko, itashtuka kila ngazi kama mtu aliyepigwa shoti. Dawa yake ni mstari mmoja wa programu: iamuru bodi itumie rejea yake ya ndani (volti ya kulinganishia) ya volti 1.1. Hatua inashuka hadi takriban sehemu moja ya kumi ya nyuzi, na bado unaweza kusoma hadi nyuzi 110 hivi.

Kuna ugonjwa mwingine, na huu unadanganya hata walimu. Unawasha hita, papo hapo joto linaonekana kupanda nyuzi mbili. Kauri haipashiki moto kwa kasi hiyo. Kinachotokea ni kwamba mkondo wa hita unarudi kupitia waya uleule wa graundi unaotumiwa na sensa. Waya na tundu la bredibodi (ubao wa kuchomeka waya bila kulehemu) vikiwa na ohm 0.1 tu, ampea 0.26 zinazalisha milivolti 26, na LM35 inazitafsiri kuwa nyuzi 2.6. Graundi ya hita na ya sensa kila moja iwe na njia yake, zikutane sehemu moja tu, kwenye mguu wa adapta. Na bredibodi ibaki ya kujaribia. Seti za darasa zilehemu kwenye veroboodi. Tena, usiwaambie wanafunzi jambo hili mapema. Wape seti moja yenye kasoro hiyo, waulize ni kwa nini kauri imekuwa na mbio kiasi hicho, halafu nenda kanywe chai.

Zoezi la kwanza: hita ikae asilimia 20 ya nguvu yake hadi joto litulie, kisha ipandishwe ghafla hadi 40, na joto lirekodiwe kila sekunde. Tuseme joto limepanda nyuzi 14. Gaini ni 14 gawanya kwa 20, yaani nyuzi 0.7 kwa kila asilimia. Tuseme lilichelewa sekunde 20 kabla ya kuanza kupanda, na kuanzia hapo likachukua sekunde 160 kufikia asilimia 63 ya safari yake. Namba tatu hizo zinatosha kumweleza huyu mnyama. Zako zitatofautiana na hizi, na hata kundi na kundi hawatapata sawa.

Kwa namba hizohizo, kanuni ya Ziegler na Nichols ya mwaka 1942 ya kuchagua namba za kidhibiti cha PI (kinachoangalia kosa la sasa na jumla ya makosa yaliyopita) inatoa nguvu ya asilimia 10.3 kwa kila nyuzi ya kosa, na muda wa kujumlisha wa sekunde 67. Kanuni ya Skogestad ya mwaka 2003 inatoa 5.7 na sekunde 160. Sasa taka joto litoke nyuzi 40 kwenda 50, chumba kikiwa nyuzi 27. Hita ilikuwa karibu asilimia 19. Ziegler na Nichols wanaiambia iongeze 103, jambo lisilowezekana, kwa hiyo inakwama 100, na huku jumla ya makosa inarundikana hadi joto lipitilize. Skogestad anaongeza 57, hita inafika 76, bado ina nafasi. Weka grafu mbili hizo pamoja ubaoni. Kisha waonyeshe mstari unaosimamisha kujumlisha hita inapogonga 0 au 100, na warudie ile ya kwanza. Kwa maoni yangu zoezi hili moja linafaa kuliko wiki tatu za kuchora njia za mizizi (root locus) kwenye karatasi.

Kuhusu programu, MATLAB huihitaji. GNU Octave na Scilab ni za bure, Python pia, na programu ya Arduino yenyewe inachora grafu. Kizuie kitu kimoja: wanafunzi kupima sekunde kwa amri ya delay, inayosimamisha programu kwa muda. Kusoma sensa, kuhesabu na kuchapisha navyo vinakula muda, na muda huo unajiongeza juu ya sekunde yako kila mzunguko. Watumie millis, saa ya ndani ya bodi.

Muhula unaofuata, nenda kwenye mota. Ile mashine iliyoungua ifungue kabla hujanunua chochote: kama kilichokufa ni kadi tu, huenda mota na sensa yake ya mzunguko bado ni nzima, ukaviendesha kwa Arduino na draiva (saketi ya kuendeshea mota) ya bei ndogo. Soma kwanza kibandiko cha volti cha mota. Printa mbovu za wino nazo nyingi zina mota ya DC na ukanda wa alama unaosomwa kwa mwanga, kifaa kizuri cha kudhibiti mahali. Draiva ya L298N inakula karibu volti 2, kwa hiyo mota haitaitikia amri ndogo. Ukiweza pata draiva ya TB6612. Wakishaimudu mota, hapo wape pendulamu yao.

Umeme ukikatika, betri ya pikipiki ya volti 12 inabeba darasa. Seti 12 zote zikiwa asilimia 100 zinavuta ampea 3.1, na katika zoezi halisi hazikai hapo muda mrefu. Kompyuta mpakato zitalisha bodi kwa USB. Betri ikishuka kutoka volti 12.7 hadi 11.5, nguvu ya hita inapungua kwa asilimia 18, maana inafuata volti kwa kipeo cha pili. Hita iliyowekwa asilimia 40 bila mrejesho itapoa, na iliyo chini ya PI itabaki nyuzi zake 50 huku asilimia ikijipandisha yenyewe. Waambie warekodi zote mbili siku hiyo. Fyuzi ya ampea 5 ikae kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri.