Divai inayotoka nyeusi kwenye picha ya mafuta

Dada wa Mafinga, umeuliza kwa nini divai nyekundu unayochora inatoka nyeusi tii, na kwa nini rangi haikauki upesi.

Weusi kwanza. Acha kuchanganya nyeusi kwenye nyekundu. Weka glasi kando ya dirisha uitazame vizuri: upande mwanga unakoingia divai ni nzito, lakini upande wa pili, mwanga unapotokea, kuna kipande kinachowaka wekundu wa komamanga. Hapo ndipo uhai wa picha ulipo! Paka kwanza tabaka jepesi la kahawia yenye tapentaini, likauke, kisha pitisha juu yake nyekundu nyembamba yenye mafuta kidogo ya kitani. Mng'ao mweupe wa glasi uwe wa mwisho, mguso mmoja tu, usiurudie.

Rangi ya mafuta hukauka kwa kushikana na hewa, na baridi ya Juni huko kwenu huichelewesha. Iweke penye mwanga na hewa, usiiharakishe. Tabaka la chini likizidi la juu kwa mafuta, picha itapasuka.

Chupa zikiadimika, chora ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mianzi, kwenye kikombe cha mwanzi. Weupe wake wenye ukungu ni mgumu kuupata kuliko divai, na ningependa sana kuuona ukiujaribu.