Sarafu ya tembo ya bibi: usiisugue!

Mdogo wangu wa Masasi, umesema umekuta kwenye kasha la marehemu bibi sarafu ya njano yenye tembo, na kuna jamaa anataka laki tatu "ya usajili" aipeleke mnadani London.

Kwanza, weka chini hilo jivu na limau. Wewe ni mtoto wa korosho, unajua mzigo ukinyeshewa daraja linavyoshuka. Sarafu ya zamani ikisuguliwa ni vivyo hivyo, na hairudi tena. Ishike kwenye kingo, ifunge kwa karatasi laini.

Sasa itazame juani. Tembo ameinua mkonga, nyuma yake milima, chini 1916 na herufi T? Upande wa pili tai na maneno 15 RUPIEN? Hiyo Wajerumani waliitengeneza Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, walipokatiwa njia ya bahari. Ni dhahabu. Nenda kwa sonara, simama hapohapo akiipima: halisi ina gramu 7 na kidogo. Asiikwangue! Za bandia zipo nyingi, kwa hiyo uzito pekee hautoshi. (Ile ya heller 20 ya Tabora, heller ikiwa ni sehemu ndogo ya rupia kama senti, ni shaba, wala haina bei kubwa.)

Huyo jamaa usimpe hata mia. Nyumba za mnada wa sarafu za London kama Spink na Noonans hupokea picha mtandaoni na kukadiria bure. Kamisheni yao hukatwa sarafu ikishauzwa. Piga picha pande zote mbili, uwatumie mwenyewe.

Na wajomba zako waambie mapema, kasha lile ni la ukoo.