Akoromaye akanyamaza ghafla: maswali yenu kuhusu pumu na usingizi

Wiki hii wenye pumu wameniandikia kwa wingi, na karibu wote wanalalamikia usiku. Nimechagua maswali matano.

Mume wangu ana pumu tangu utotoni. Siku hizi anakoroma mpaka jirani wa ghorofa ya juu anateta. Halafu ananyamaza kabisa, kisha anagutuka kama mtu aliyeopolewa baharini. Mwenyewe asema ni pumu, anavuta inhela na kulala tena. Ni kweli? (Mke, Majengo)

Dadangu, ile sauti uliyorekodi nimeisikiliza mara tatu. Feni inazunguka, bwana anakoroma, halafu inabaki feni peke yake. Nikahesabu: sekunde 22. Kisha koo likakwaruza kwa kishindo, kitanda kikalia, akaanza upya. Sauti hiyo haitoki kwenye pumu.

Pumu hubana vijia vidogo ndani ya mapafu. Mtu hukohoa, kifua hulia kama filimbi, hasa akitoa pumzi, na kuamka tu hakumtoshi: huhangaika dakika nyingi, pengine saa nzima, mpaka dawa ishike. Unalonieleza wewe ni la kooni. Mtu akilala misuli ya koo hulegea, ulimi hurudi nyuma, njia ikaziba. Kifua kinavuta lakini hewa haipiti. Oksijeni ikipungua ubongo humgutusha, koo likafunguka, naye akalala tena bila kujua kwamba aliamka. Madaktari huita hali hii apnia ya usingizi. Pumzi ikizibika kwa sekunde 10 au zaidi, hilo ni tukio moja. Matukio matano kwa saa pamoja na dalili ni ugonjwa tayari, na 30 ni ugonjwa mkali.

Inhela haifungui koo. Lakini asije akaiacha, maana pumu anayo vilevile. Mwulize kama huamka na kichwa kinamuuma na mdomo umemkauka, kama huenda haja ndogo mara kwa mara usiku, kama husinzia mchana. Akisema "mimi nalala vizuri", usimbishie, hajui. Shahidi ni wewe. Mwende kliniki wote wawili, na simu hiyo mkononi.

Kwani pumu na hiyo apnia zinahusiana vipi? Moja ni ya mapafu, nyingine ya koo. (Mwanafunzi, Tudor)

Swali zuri. Huko Wisconsin, Marekani, watafiti waliwafuatilia watu wazima ambao hawakuwa na apnia, na matokeo yakachapishwa 2015. Baada ya miaka minne, asilimia 27 ya wenye pumu walikuwa wameipata. Kwa wasio na pumu ilikuwa asilimia 16. Pumu iliyoanza utotoni ndiyo iliyoongeza hatari zaidi.

Anza na pua. Wengi wenye pumu wana pua inayoziba kwa mzio, na hapa kwetu vya kuchokoza haviishi: ukungu kwenye kuta, vumbi la zulia, moshi wa udi chumbani (najua nitalaumiwa, lakini udi na pumu havikai nyumba moja). Pua ikiziba unavuta hewa kwa nguvu. Sasa chukua mrija laini wa kunywea dafu, uvute kwa nguvu huku umeubana nchani: utauona unabonyea katikati. Koo lililolegea hufanya vivyo hivyo. Kisha kuna vidonge vya prednisoloni ambavyo wenye pumu kali humeza mara kwa mara. Huongeza hamu ya kula na mafuta ya shingoni, nayo shingo nene hulibana koo.

Na njia ni ya kwenda na kurudi. Kifua kinapovuta bila kupata hewa, asidi ya tumboni hupanda kirahisi, na kiungulia huichokoza pumu. Kukosa usingizi na oksijeni kupanda na kushuka usiku kucha huuzidishia mwili uvimbe wa ndani kwa ndani. Kwa hiyo pumu isiyosikia dawa, ingawa dawa inatumiwa sawasawa, daktari aulize pia kuhusu usingizi. Na anayekula daku la biriani kisha akajitupa kitandani hapo hapo, kiungulia amejiitia mwenyewe.

Mimi ni dereva wa matatu. Nina pumu na inhela ya bluu haiishi mfukoni. Mchana nasinzia kwenye foleni ya Changamwe, natafuna muguka nikae macho. Nifanye nini? (Dereva, Mikindani)

Kaka, ukisinzia egesha gari. Hilo kwanza. Muguka hauondoi usingizi, unauficha tu, na usiku unakunyima hata ule kidogo uliobaki.

Pili, pita kwa fundi cherehani akupime shingo kwa tepu yake. Ikizidi sentimita 40, nawe unakoroma na kusinzia mchana, mwambie daktari hivyo hivyo. Tatu, inhela ya bluu hukufungua kwa saa chache lakini haitibu uvimbe wa ndani. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri mtu kutegemea hiyo peke yake. Uliza kuhusu dawa ya kinga, ile ya kutuliza huo uvimbe.

Mjukuu wangu ana miaka mitano na pumu. Anakoroma, analala mdomo wazi, jasho linamtoka. Naambiwa akatwe kimio. (Bibi, Mji wa Kale)

Shikamoo bibi. Tafadhali, kimio kiacheni. Watoto wamevuja damu na kuoza koo kwa wembe huo, na kukoroma kukabaki pale pale.

Kwa mtoto wa umri huo, mara nyingi kinachoziba ni mafindofindo na nyama za nyuma ya pua. Daktari wa masikio, pua na koo ataangalia. Akiona inafaa zitolewe, atazitoa hospitalini, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Utafiti wa Marekani wa 2014, uliohusu zaidi ya watoto 13,000 wenye pumu waliofanyiwa upasuaji huo, ulionyesha kwamba mashambulizi makali yalipungua kwa karibu asilimia 30 katika mwaka uliofuata. Si kila mtoto huhitaji kisu, lakini kila mtoto anayekoroma hivyo anahitaji kuangaliwa.

Nimeandikiwa mashine ya kusukuma hewa. Nikiitumia nitaacha dawa za pumu? (Mwalimu, Likoni)

Hapana, mwalimu. Mashine hiyo, iliyobuniwa na daktari Colin Sullivan kule Sydney na kutangazwa 1981, husukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Wengi wenye pumu hulala vizuri zaidi wakiitumia, na dalili za usiku hupungua. Mapafu yenyewe hayabadiliki sana. Osha barakoa kila siku kwa sabuni ya kawaida, na umeme ukipotea lala ubavu. Wapo wanaoshona mpira wa tenisi mgongoni mwa fulana ili wasigeuke chali. Unachekesha, lakini kwa baadhi ya watu unasaidia. Vidonge vya usingizi vya dukani usiguse, vinazidi kulilegeza koo.