Gari la Zamani Porini: Soma Kwanza, Kata Baadaye

Wiki hizi nimepokea picha nyingi za magari yaliyomezwa na majani. Wengi mnauliza bei. Nitaanza na utambulisho, kwa sababu gari ambalo halijulikani ni gani na ni la nani huishia kwenye mizani, likauzwa kwa kilo.

Shikamoo fundi. Nimekuta gari kwenye pori lililokuwa shamba la mkonge. Halina plati namba wala viti, taa zimeng'olewa. Wazee wanasema lilikuwa la meneja. Nitajuaje ni gari gani, la mwaka gani? (Muheza)

Marahaba. Kwa picha uliyotuma, hiyo ni Land Rover, na kwa Tanga si ajabu. Mashamba ya mkonge yaliishi kwa magari haya. Baada ya utaifishaji wa 1967 na kuanguka kwa soko la mkonge, mashamba mengi yaligeuka pori, na magari yakabaki pale pale yalipozimika.

Chukua sumaku ndogo, hata ya spika mbovu. Iweke kwenye mbawa ya mbele: haitanata, maana bodi ni ya aluminiamu. Iweke kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi: itanata, hiyo ni chuma. Kisha pima kwa futi kamba kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Ukipata sentimita 223 hivi, ni inchi 88, yaani fupi. Ukipata 277, ni 109, ndefu. Ukipata 203, tulia kabisa: hiyo ni inchi 80, kizazi cha kwanza kilichoanza 1948, na hazikubaki nyingi.

Sasa tazama ubavu. Ukiwa bapa kutoka juu hadi chini, ni Series I, yaani toleo la kwanza. Ukiwa na bega la mviringo chini ya madirisha, ni Series II ya kuanzia 1958 au waliofuata. Matundu ya taa yakiwa katikati, kwenye grili, ni ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960. Yakiwa kwenye mbawa, ni ya baadaye. Kwa yenye bega, saa za dashibodi zikiwa katikati ni II au IIA, toleo lililofuata II. Zikiwa mbele ya dereva ni Series III, iliyotoka 1971.

Hayo yote ni dalili tu. Ushahidi ni namba ya chasisi. Tafuta kibati kwenye ule ukuta wa chuma, kisha tafuta namba iliyogongwa kwenye chasisi yenyewe, pale springi ya mbele ya kulia inaposhikiliwa. Usitumie grenda! Lainisha tope kwa mafuta ya taa, sugua kwa mswaki wa zamani, futa, halafu weka karatasi nyembamba juu yake na upitishe penseli kwa ubapa. Namba ambayo jicho halikuiona itajichora yenyewe. Ikianza na 252, umekuta IIA ya 109, ya petroli, usukani wa kulia, iliyotengenezwa kwa soko la nje. Ikianza na 9, kwa kawaida ni Series III.

Nasisitiza hili kwa sababu liliniuma. Miaka mingi iliyopita tulitoa 109 porini Handeni. Nikamwachia kijana asafishe, naye akapitisha brashi ya mashine juu ya kibati. Alidhani anafanya kazi nzuri, na mimi sikumwelekeza. Namba ya kwenye chasisi ilikwisha kuliwa na kutu. Gari zima, injini nzima, na hatukuweza kulisajili. Tuliligawa vipande.

Nikiliokota, si ni langu? (huyo huyo wa Muheza)

Hapana, ndugu yangu. Aliyeokota si mwenye mali. Anza kwa mwenyekiti wa kijiji, ujue ardhi ni ya nani leo. Nenda polisi, toa taarifa kwa maandishi na ubaki na nakala. Namba ya chasisi ipeleke TRA, mamlaka ya mapato inayosajili magari Tanzania, waangalie kama gari lina kumbukumbu. Walioko Kenya waende NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Akipatikana mwenyewe au warithi wake, andikianeni mkataba wa mauziano mbele ya mwanasheria. Likiwa ndani ya msitu wa hifadhi, usiguse chochote kabla ya ruhusa ya wenye hifadhi, hata kama limekaa pale tangu ujana wa babu yako.

Sisi tumepata Volkswagen mgongo wa chura, mti umeota ndani. Ni ya lini? (Lushoto)

Kioo cha nyuma kitakujibu. Kikigawanyika mara mbili, ni ya kabla ya Machi 1953. Kikiwa kimoja cha mviringo kama yai, ni ya kati ya hapo na 1957. Kikiwa kipana cha pembe nne, ni ya baada ya hapo. Namba ya chasisi iko chini ya kiti cha nyuma, juu ya mgongo wa katikati wa sakafu. Kuhusu mti: kata mti vipande vipande, gari libaki zima. Msilivute mti ukiwa ndani, sakafu yake itabaki ardhini.

Injini imejam. Jirani ana trekta, anasema tulivute likiwa kwenye gia mpaka lizunguke. (Korogwe)

Mshukuru jirani, lakini trekta libaki kwake. Kilichojam ni ringi za pistoni zilizoshikana na silinda kwa kutu. Ukizilazimisha zitavunjika na kuchana silinda, na injini iliyokuwa inaponyeka itakuwa imekufa.

Fungua kwanza bolti ya kumwagia oili, polepole, chombo kikiwa chini. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yakiwamo yatatangulia kutoka. Yakitoka mengi, jiandae kufungua injini nzima. Yasipotoka, toa plagi zote (za dizeli toa nozeli), mimina vijiko viwili vitatu vya dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi ya otomatiki katika kila silinda, uache. Ongeza kila baada ya siku mbili. Baada ya wiki, ingiza hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono kupitia tundu la bampa, gari likiwa huru. Usilazimishe: sukuma kidogo mbele, rudisha nyuma, mbele, nyuma. Siku itakapoachia utaisikia mkononi kabla ya kusikia sauti. Izungushe bila plagi ili mafuta yote yatoke. Usiiwashe bado, badilisha oili na usafishe tangi la petroli kwanza.

Na kabla ya yote hayo, piga bodi kwa fimbo ndefu ukiwa mbali. Nyuki na nyoka hupenda boneti kuliko mizinga na mashimo.

Babu yangu aliacha Peugeot 404. Wajomba wanasema ilikimbia Safari Rally. Ni kweli? (Kericho)

404 ilishinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa dereva Bert Shankland. Ndiyo maana karibu kila familia yenye 404 ina hadithi hiyo. Tafuta matundu ya taa za ziada mbele, alama za bamba la kukinga injini chini, na picha za babu zenye namba ya usajili inayosomeka. Bila picha, itunze kwa sababu ni ya babu. Hiyo inatosha.

Mnunuzi wa vyuma chakavu yuko hapa na mizani. Niuze Land Rover yangu? (Iringa)

Mwambie arudi mwezi ujao. Anachokitaka ni ile aluminiamu, na atalipia kilo tu. Milango, boneti, difu na giaboksi zina watu wanaozitafuta. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalijipanga Arusha kwenye tamasha lao, na kila moja ina mwenye kuhitaji spea. Pima chasisi kwa kuigonga na nyundo ndogo: ikilia kama kengele ni nzima, ikitoa sauti ya boksi la karatasi imeoza. Hata iliyooza huchomelewa. Nitumie picha ya kibati kabla hujamjibu.