Maswali na Majibu: Nani Kaizima Breki?

Barua za safari hii karibu zote ni za magari ya waya na viti vya waya, vile vinavyopandisha watu milimani na kwenye viwanja vya kuteleza thelujini, na wengi wenu mnaviita vyote lifti. Nimechagua chache.

Waya ukikatika, si tunaanguka wote?

Hili nimeshalijibu mara nne, na bado mnaliandika kana kwamba hamkusoma. Inategemea ni waya upi. Gari kubwa la kwenda na kurudi hutambaa juu ya waya wa kubeba, na huvutwa na waya mwingine. Wa kuvuta ukikatika, breki ya dharura inauma ule wa kubeba na gari linaganda hapo hapo. Viti vina waya mmoja tu unaozunguka, unabeba na kuvuta, ndiyo maana hupitishiwa mashine ya sumaku inayogundua nyuzi zilizokatika ndani kwa ndani.

Sasa twende Mottarone, Italia, tarehe 23 Mei 2021. Waya wa kuvuta ulikatika gari likiwa linakaribia kituo cha juu. Breki ya dharura ilikuwepo. Ila ilikuwa inasumbua, inashika ovyo na kukatiza safari, basi ikazuiwa kwa vyuma vyenye umbo la uma ambavyo ni vya wakati wa matengenezo, gari likiwa tupu. Gari likarudi kinyumenyume kwa kasi, likagonga mnara, likaanguka. Kati ya watu 15 alipona mtoto mmoja wa miaka 5. Nchi hiyo hiyo, Cavalese, tarehe 9 Machi 1976: nyaya mbili zilipandana, mmoja ukaukata mwingine, wakafa watu 43. Mfumo ambao ungesimamisha gari wenyewe ulikuwa umezimwa.

Miaka 45 imepita kati ya ajali hizo mbili. Kwa hiyo acheni kuniuliza unene wa waya. Niulizeni nani ana ruhusa ya kuizima breki, akiizima anaandika wapi, na mkaguzi anapata habari lini.

Marekani ni wizara gani inayokagua lifti hizi?

Hakuna. Serikali kuu haina chombo cha kazi hiyo. Kila jimbo na utaratibu wake. Colorado ina bodi yake tangu 1965, na kuna kiwango cha kiufundi, ANSI B77.1, kinachofuatwa na wengi. Umoja wa Ulaya una kanuni moja, namba 2016/424, iliyoanza kutumika 2018, lakini hiyo inashughulika zaidi na vifaa vipya kabla havijaanza kazi. Uendeshaji wa kila siku umeachiwa kila nchi.

Hapo ndipo watu wanapojidanganya. Wanaona cheti ukutani, wanadhani kuna mtu wa serikali kaitazama mashine leo asubuhi. Aliyeitazama leo asubuhi ni fundi, na bosi wake yuko dirishani anahesabu foleni. Mkaguzi anayejua kazi hufika bila kupiga simu, huomba daftari la hitilafu kabla ya kuomba chai, na hutafuta tatizo lile lile lililoandikwa mara tatu ndani ya wiki. Akikuta daftari halina hata tukio moja msimu mzima, hapo ndipo avue koti akae.

Lifti yao wameibadilisha mitambo, kila kitu kipya. Si ndiyo salama zaidi?

Si lazima. Granby Ranch, Colorado, Desemba 2016: kiti kiligonga mnara, mama na binti zake wawili wakaanguka, mama akafariki. Uchunguzi ulielekea kwenye mfumo wa umeme wa kuendeshea lifti, ambao ulikuwa ndio kwanza umebadilishwa. Lifti iliyobadilishiwa mfumo kama huo ijaribiwe upya kama mashine isiyojulikana, si kama ile ya zamani iliyopakwa rangi.

Gari letu la waya ni la wafanyakazi tu. Sheria za abiria zinatuhusu?

Iulizeni mamlaka yenu kwa maandishi, na mjibiwe kwa maandishi. Tarehe 1 Julai 1999, huko Saint-Étienne-en-Dévoluy, Ufaransa, gari la kupandia kwenye kituo cha darubini cha Pic de Bure lilianguka. Walikufa wote 20 waliokuwemo, na wote walikuwa wanakwenda kazini.

Tulisimamishwa hewani dakika 20. Nidai fidia?

Dai maelezo. Kusimama ndiyo kazi ya breki. Na wewe uliyekuwa unampigia kelele mhudumu "twende, twende!" unamfundisha kutafuta kile chuma chenye umbo la uma.

Mwanangu wa miaka 6 apande kiti peke yake?

Hapana. Na fimbo ya kuzuia msianguke ishushwe mara tu mnapokaa, hata pale sheria isipolazimisha.