Kama unaogopa kuendesha Detroit, anza na Woodward

Juzi kuna dada kaniandikia, ana miezi miwili Michigan, leseni anayo lakini akiifikiria I-75, ile barabara kuu ya mwendo kasi, tumbo linamvuruga, anauliza afanyeje. Dada yangu nakuelewa kabisa, na jibu langu ni moja: achana na I-75 kwanza, kaendeshe Woodward, barabara ndefu ya mataa inayotoka katikati ya Detroit, yote mwanzo mpaka mwisho.

Mi Dar nimeendesha miaka tisa, Mbagala mpaka Posta kila siku ya Mungu, nikajua gari nalijua. Siku ya pili huku shemeji akanipa usukani nimpeleke kazini, tukafika Woodward nataka kukata kushoto kwenye mataa, kumbe hapo hukati kushoto! Unayapita mataa, mbele kidogo kuna uwazi kwenye bustani ya katikati, unageuzia hapo, unarudi ulikotoka halafu unaingia kulia. Nani aliniambia? Nikaganda katikati, honi huku na huku, shemeji akasema shuka, kakae siti ya nyuma. Ya nyuma, sio hata pembeni yake. Neno hilo bado linaniuma, na miezi mitano sikugusa gari ya mtu.

Nikaja kununua kangu kadogo, Jumapili moja saa moja asubuhi nikaanzia Grand Circus Park, katikati ya jiji, mpaka mji wa Pontiac, kama maili 21 hivi. Highland Park nikakipita kiwanda cha zamani cha Ford, palepale walipoanza mwaka 1913 kuunda magari kwenye mkanda unaotembea. Mbele yake, kati ya Six Mile na Seven Mile, barabara zinazoikata Woodward, ndo ile maili moja iliyomwagwa zege mwaka 1909, enzi hizo barabara ya zege ni kitu kigeni, wenyeji wanajivunia sana, watu walikuwa wanatoka mbali kuja kuiona tu.

Kabla ya Eight Mile kuna makaburi ya Woodlawn, nikaingia nikapaki. Aretha Franklin, yule mwimbaji, yuko hapo, na Rosa Parks pia, yule mama aliyegoma kumpisha mzungu siti kwenye basi kule Montgomery mwaka 1955. Silinganishi yangu na yake hata kidogo, lakini nilikaa pale muda mrefu nikiwaza ile siti ya nyuma, na machozi yalinitoka.

Ferndale, Royal Oak, Birmingham nilipita tu, maduka na mataa. Ila mataa hayo ndo mwalimu wako, kila ukisimama unavuta pumzi, unaangalia vioo, unajipanga laini. Hesabu zile Mile, Nine, Ten, Eleven, hupotei. Usiwe na haraka. Kona ikikupita iache, mbele utageuza, narudia tena usiwe na haraka. Na ile Jumamosi ya Agosti ya Dream Cruise, maonyesho ya magari, usiisogelee, magari ya kizamani yanajaa barabara nzima.

Na nyie mliotangulia huku, mgeni akikosea kona msimfokee mbele za watu! Nyie mlizaliwa mnajua kuendesha kulia? Mwambieni taratibu, mwachieni usukani amalize safari, nyumbani mtaongea.

Dada, nenda Jumapili hii mapema kabla watu hawajatoka kanisani. Ukifika Woodlawn ingia upaki kwanza, geti liko upande wa Woodward hukohuko.